Damu ya Tatu Katika Nyumba ya Mzee Obiero

Watu wa Kondele waliomjua Bilha Wamaitha tangu utotoni walisema kwamba binti yule angeweza kuosha hata maji. Baba yake, Zacchaeus Kangethe, alikuwa ametoka Murang'a na kufungua duka la vipuri vya baiskeli karibu na njia panda, na Bilha alilelewa humo, akipangusa grisi na kutenga vyuma vidogo visichanganyike. Alijua Dholuo, lugha ya Wajaluo, kabla ya kujua kusoma. Akina mama wa sokoni walimwita nyar Kondele, yaani binti wa Kondele, naye aliitika bila kufikiri, hata wageni wakashangaa walipolisikia jina la baba yake la Kikuyu.

Alisomea ufundi wa maabara, akaajiriwa hospitalini kupima choo na makohozi, na kufikia katikati ya miaka ya tisini akachukuliwa na kituo kidogo cha utafiti wa malaria kilichokuwa nje ya mji, upande wa barabara ya Busia. Mkuu wa kituo alikuwa Daktari Shitanda, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, ambaye alikuwa akitafuta jibu la swali moja: watu wakipewa neti zilizotiwa dawa, wale mbu wanaokosa kuwauma wanakwenda kumuuma nani?

Kazi ilifanywa katika kijiji cha Kamsweri, ufukweni mwa ziwa. Kila aliyelala katika nyumba iliyokubali kushiriki alidungwa kidole, tone lake la damu likakaushwa juu ya karatasi, na badala ya jina akapewa namba. Kisha, asubuhi iliyopangwa, alikuja Wabwire, dereva wa kituo, ambaye ndiye pia aliyekuwa mpuliziaji dawa. Alitandika shuka nyeupe sakafuni, akapuliza dawa ya pareto, akafunga mlango na kungoja. Mbu walidondoka kama makapi. Wale waliokuwa na matumbo mekundu aliwachukua kwa koleo ndogo na kuwapeleka kwa Bilha.

Hapo ndipo kazi ngumu ilipoanza. Damu iliyo tumboni mwa mbu ni kidogo mno, tena huwa imekwisha kuanza kusagwa. Vinasaba vya aliyeumwa, DNA yake, vimo humo, lakini vimezongwa na uchafu, na uchafu ukibaki mashine ya kuvizidisha inagoma. Njia ya zamani ilikuwa kutumia kemikali zinazowasha macho na pua, na nusu ya vinasaba ilipotelea njiani.

Mwaka wa 1998 Daktari Shitanda alirudi kutoka mkutano wa ng'ambo na kisanduku kilichojaa vipande vya kioo, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa stempu ya barua. Vilikuwa vitu vya kujaribiwa, havijauzwa popote. Ndani ya kioo mlichorwa mifereji myembamba kama unywele, na ndani ya mifereji mlisimama nguzo ndogo ambazo jicho halikuziona bila darubini. Bilha alisukuma damu iliyochanganywa na maji ya chumvi kali kwa sindano nyembamba, polepole, kama mtu anayemnywesha mtoto mgonjwa. Vinasaba vilinasa kwenye nguzo jinsi kitambaa kinavyonasa kwenye miiba ya mtoni, na uchafu ukapita zake. Alisukuma alkoholi kuosha. Mwisho alisukuma maji safi, vinasaba vikaachia, vikatoka upande wa pili ndani ya tone moja linalong'aa.

"Mbona hivi ni vitu vya kuchezea," Wabwire alisema alipoviona.

"Vichezee wewe," Bilha akamjibu, "mimi nafanyia kazi."

Alivipenda kuliko alivyotaka kukiri. Kwa mara ya kwanza aliweza kusoma damu ya mbu mmoja mmoja bila kukisia.

Nyumba ya Mzee Joram Obiero aliifahamu vizuri. Mzee zamani alikuwa mpima pamba katika chama cha ushirika, na pamba ilipokufa alirudi kwenye shamba lake. Alikuwa akiishi na mkewe, Beldina Anyango, wawili tu, na kituo kiliwapa neti mbili. Bilha mwenyewe ndiye aliyewadunga vidole. Siku hiyo Beldina alimpa uji wa wimbi, wakakaa kivulini wakizungumza, na Bilha akauliza kwa nini majirani wanamwita Mama Aoko ilhali hakuna mtoto anayeonekana.

Beldina alinyoosha midomo kuelekea upande wa kushoto wa nyumba, palipokuwa na kaburi lenye msalaba wa mbao. "Aoko ndiye huyo. Nilizaa wanne, akabaki yeye peke yake. Mwaka wa tisini na nne boti iliyokuwa ikienda gulioni ilizama na watu wote. Wengine walitolewa majini. Yeye hakuonekana."

"Sasa hapo mlimzika nani?"

"Yago," Beldina alisema.

Bilha alijua. Mtu akipotelea majini na mwili usipatikane, huzikwa tunda la mvungunya, lile refu zito linaloning'inia mtini kama mkono wa mtu. Watu wa ziwani huliita yago. Huvikwa sanda, huliliwa, huwekwa shimoni kama mwili. Alimaliza uji wake, na alipokuwa akiondoka alipita kando ya kaburi kwa heshima.

Mbu wa nyumba ile waliletwa maabara msimu wa mvua ndefu. Bilha aliwasafisha mmoja baada ya mwingine kwa vile vioo, akavizidisha vinasaba, akavitenganisha kwenye jeli ya umeme, kisha akaingia kwenye chumba cha giza na kuwasha taa ya zambarau. Kila mtu ana mistari yake kwenye jeli, kama alivyo na alama zake za vidole. Kushoto kabisa alikuwa ameiweka damu ya Mzee Obiero kutoka kwenye karatasi, ikafuata ya Beldina, halafu mbu.

Mistari ya mbu wa kwanza haikulingana na ya mzee, wala na ya mama. Wa pili vilevile. Alisogeza uso karibu na kioo cha kinga. Katika kundi zima, mbu mmoja tu ndiye aliyekuwa amemuuma Mzee Obiero. Wengine wote walikuwa wameshiba damu ya mtu mmoja yuleyule, na mtu huyo hakuwamo kwenye karatasi yoyote.

Bilha alikaa juu ya kigoda. Mtu mwingine angefikiri kwamba ameona jambo la ajabu. Yeye alichofikiri ni kwamba amechafua sampuli. Jasho lake, mate yake, ngozi ya kidole chake; kitu chake kilikuwa kimeingia kwenye mfereji. Sifa yake yote ilikuwa usafi, na sasa usafi huo ulikuwa umemkimbia mbele ya daktari.

Alikwenda kumwambia Shitanda akiwa bado na glavu mikononi.

"Nadhani ni mimi, Daktari. Nimeingia kwenye sampuli."

Shitanda hakumkemea. Alikunja mkono wa shati. "Kama si wewe ni mimi, na kama si mimi ni Wabwire. Tujidunge sote."

Wabwire aliitwa kutoka kwenye gari. Walidungana vidole pale mezani, Wabwire akisema kwamba leo mbu wamegeuka kuwa watu. Bilha alifungua vioo vipya, akabadilisha kila maji na kila chumvi, akarudia kazi yote tangu mwanzo kwa nusu za mbu alizokuwa amezihifadhi kwenye barafu. Jeli ilipokuwa tayari waliingia chumba cha giza wote watatu.

Mistari ya mgeni ilikuwa palepale. Haikuwa ya Bilha. Haikuwa ya Shitanda, wala ya Wabwire.

Bilha alivuta pumzi ya kwanza iliyonyooka tangu asubuhi ile. Lakini Daktari Shitanda alikuwa ameinama juu ya picha, ameshika rula, akiisogeza kutoka mstari mmoja hadi mwingine.

"Huu uko kwa mzee," alisema. "Huu uko kwa mama. Huu kwa mama. Huu kwa mzee." Aliendelea hadi chini, kisha akairudia picha nyingine, na nyingine. Akaiweka rula mezani. "Bilha, huyu hana mstari hata mmoja ambao ni wake mwenyewe. Kila mmoja ameupata ama kwa Obiero ama kwa mkewe. Huyu ni mtoto wao."

"Hawana mtoto, Daktari."

"Damu inasema wanaye."

"Mtoto wao nimeliona kaburi lake."

 Wabwire, aliyekuwa amesimama karibu na mlango, alivua kofia.

Bilha hakuwa mtu wa mizimu. Alilelewa kanisani, alisoma sayansi, aliwahi kukaa peke yake na maiti hospitalini bila kuogopa. Hata hivyo aliirudia picha mstari kwa mstari. Alijaribu kutafuta njia nyingine ya kuisoma ile mistari na hakuipata. Mbu hali chakula cha zamani. Damu ile ilikuwa imenyonywa usiku mmoja kabla ya Wabwire kutandika shuka, ndani ya nyumba ambayo kila mtu alijua ina wazee wawili.

"Kuna kosa, au kuna mtu," Shitanda alisema hatimaye. "Nenda ukaulize ni nani waliolala mle ndani usiku ule, kama unavyouliza nyumba nyingine zote. Wakikujibu, sawa. Wasipokujibu, rudi. Tuliwaahidi siri, Bilha. Usiende kama askari."

Alimkuta Mzee Obiero akipasua kuni. Walisalimiana, wakaulizana habari za mvua, akaletewa kiti.

"Mzee, nina swali dogo. Ile siku Wabwire alipopuliza dawa, kuna mgeni aliyekuwa amelala hapa?"

"Hakuna."

"Hata ndugu, hata mtoto wa jirani?"

"Binti, nilikwambia tuko wawili. Uliandika mwenyewe."

Sauti yake ilikuwa ya upole, lakini shoka lilikuwa limebaki juu, halishuki. Bilha aliona. Aliona pia kwamba mlango wa nyumba ulikuwa umefungwa mchana kweupe, jambo ambalo watu wa Kamsweri hawalifanyi. Akakumbuka maneno ya daktari, akainuka.

"Basi, Mzee. Huenda ni makosa ya maabara."

Beldina alikuwa ametokea kwenye mlango wa jiko na ungo wa mtama mikononi. "Makosa gani?"

Bilha angeweza kuaga na kwenda. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakuaga. "Mbu waliotoka ndani, Mama, wana damu ya mtu wa tatu."

"Mtu gani?"

"Damu haitaji jina. Inaonyesha tu kwamba ni mtoto wenu. Mtoto wenu ninyi wawili."

Ungo ulimponyoka Beldina, mtama ukatawanyika, na yeye akaketi chini palepale kuuokota. Mzee aliliweka shoka juu ya gogo, taratibu sana.

"Nani amekuambia?" aliuliza.

"Mbu, Mzee. Hakuna mwingine."

Obiero alitazama kaburi. Akatazama njia inayotoka barabarani. Halafu akasema, "Ingia ndani."

Ndani mlikuwa na giza na harufu ya nafaka. Mzee alikwenda kwenye pazia la gunia lililoziba chumba cha nyuma. "Toka," alisema. "Umekwisha kujulikana."

Mwanamke aliyetoka alikuwa na umri kama wa Bilha, au mdogo kidogo. Ngozi yake ilikuwa imepauka kama ya mtu aliyelazwa hospitalini muda mrefu, na mikono yake ilikuwa imejaa alama za kuumwa na mbu. Alikuwa na midomo ya Beldina na paji la uso la mzee. Bilha alikaa juu ya gunia la mtama bila kukaribishwa.

"Habari yako, nyar Kondele," yule mwanamke alisema. "Nimekuwa nikikusikia ukicheka hapo nje."

 Bilha aliweza kusema tu, "Aoko?"

"Ndiye mimi."

Aoko aliketi mkekani akaeleza. Siku ile ya boti alikuwa ameaga kwamba anakwenda gulioni, lakini hakupanda. Alikuwa akitafutiwa mume asiyemtaka, naye akapanda basi la kwenda Busia, akavuka mpaka, akapata kazi ya kupika katika hoteli huko Jinja. Alikusudia kuwaandikia wazazi hasira zitakapopoa. Miezi ilipita ndipo alipokutana na mtu wa nyumbani, na mtu yule, badala ya kumsalimia, alikimbia akiacha chakula mezani. Kutoka kwa wapishi wenzake waliomfuata kumuuliza ndipo Aoko alipojua kwamba boti ilizama, na kwamba yeye alikwisha kuzikwa.

"Ungefanya nini?" alimuuliza Bilha. "Mimi niliogopa kuwa hai. Nilikaa miaka. Halafu nikaugua, nikaona kama nitakufa kweli kwenye nchi ya watu, na kwetu nina kaburi tayari. Nikarudi."

"Alibisha hodi jioni mvua ikinyesha," Beldina alisema. Alikuwa ameingia nyuma yao na mtama bado umeganda viganjani. "Mzee alichukua panga. Mimi nilijua sauti."

"Lakini kwa nini hamkuwaambia watu?" Bilha aliuliza.

Mzee Obiero ndiye aliyejibu. "Ndugu yangu mkubwa, Ochieng, ndiye aliyesimamia mazishi. Alisema mbele ya watu wote kwamba aliyeliliwa ameliliwa. Akirudi ni kivuli, na kivuli kikipita lango la boma hakiendi peke yake, kitamwita mtu."

"Na wewe unaamini hivyo, Mzee?"

"Lile tunda nililibeba mimi, kama mtoto mchanga, nikalilaza shimoni kwa mikono hii. Sijui ninaamini nini."

"Nilimpoteza mara moja," Beldina alisema. "Simwachi aende tena. Afadhali akae humo nyuma, nimsikie akikohoa."

Kwa hiyo alikuwa amekaa humo tangu mwaka uliotangulia, akitoka kuoga gizani tu. Na wazee walipopewa neti mbili hawakuweza kuomba ya tatu. Mbu wote waliofukuzwa na dawa kwenye vitanda viwili walikwenda nyuma ya pazia.

Bilha alitoa sindano mkobani, akamweleza Aoko jinsi kazi ilivyo, na kwamba anaweza kukataa. Aoko alinyoosha kidole kabla hajamaliza. "Chukua," alisema. "Nataka nijue kama nimo."

Alikuwemo. Jeli ilionyesha mistari yake ikilingana na ile ya tumboni mwa mbu, mmoja kwa mmoja. Daktari Shitanda aliitazama picha, akasema jibu la swali lake limepatikana kwa njia ambayo hataweza kuiandika popote. Kisha akafungua stoo, akatoa neti. "Mpelekee. Huyo naye ni mtu, na analala pale."

Bilha aliificha neti ndani ya mkoba wake mkubwa, akaifikisha. Alifurahi siku hiyo. Alirudi Kondele akiimba, na mama yake akamuuliza kama amepata mchumba.

Neti za dawa zilikuwa zikifuliwa na kutiwa dawa upya kila baada ya miezi kadhaa, na watu wa kijiji waliambiwa siku. Beldina alifua zake kama wengine, akazianika kwenye kamba nyuma ya nyumba. Metrine, mke wa Mzee Ochieng, alipita akielekea kisimani. Alikuwa mwanamke mtulivu, si msengenyaji, lakini macho ni macho. Wazee wawili, neti tatu. Alimtajia mumewe kama jambo la kuchekesha tu. Ochieng hakucheka. Aliinuka, akaingia bomani kwa mdogo wake bila kupiga hodi, akavuta pazia la gunia.

Wabwire ndiye aliyeleta habari, uso umemvimba kwa kilio au kwa hofu. "Wamemwona," alisema. "Kijiji kizima kiko pale."

Bilha na daktari walipofika, watu walikuwa wamejaa langoni na hakuna aliyethubutu kuingia. Aoko alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha mlango, jua likimpiga usoni, akifinya macho. Wanawake wengine walikuwa wakilia kama wanavyolia msibani. Wengine walikuwa wamewafunika watoto wao nyuso. Bilha alitafuta mtu mmoja aliye na uso wa furaha na hakumwona. Hilo ndilo lililomshtua kuliko mistari yote ya maabara. Alikuwa amedhani, bila kujiambia, kwamba siku watu wakimwona watapiga vigelegele.

Mzee Ochieng alimgeukia. "Wewe ulijua."

"Nilijua, Mzee."

"Ulikula kwetu, ukanywa kwetu, ukajua, ukanyamaza. Huyu tulimlilia. Mimi nilinyoa kichwa. Umetuletea mfu kijijini."

"Si mfu, Mzee," Bilha alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko alivyotaka. "Mbu hawaumi mfu."

Mtu mmoja nyuma aliangua kicheko, kisha akakimeza. Ochieng alitikisa kichwa kama mtu aliyesemeshwa na mtoto.

Wakati wakitazamana hivyo, Aoko alishuka kizingitini. Alipita karibu na jiko, akachukua jembe lililokuwa limeegemezwa ukutani, akaenda kwenye kaburi lake. Aling'oa msalaba akaulaza majanini. Akaanza kuchimba. Alikuwa dhaifu, jembe lilimzidi nguvu, kila pigo lilikata udongo kidogo tu. Kelele zote zilikoma; ikasikika sauti ya chuma na mchanga.

Daktari Shitanda alipiga hatua moja, Bilha akamshika mkono. Haikuwa kazi yao.

Mzee Obiero alitoka kwenye kiti chake. Watu walifikiri anakwenda kumzuia. Alimpokonya jembe, akamsukuma kando kwa kiganja, taratibu, kama unavyomsogeza mtoto karibu na moto. "Nililiweka mimi," alisema. "Nitalitoa mimi." Akachimba hadi shati likamlowa.

Hakukuwa na mengi ya kutoa. Sanda ilikuwa imeoza. Lilibaki ganda jeusi na nyuzi kavu, na kipande cha leso ya maua ambayo Beldina alikuwa ameifunga juu ya tunda siku ya mazishi. Beldina, ambaye hakuwa ametoa chozi tangu Bilha afike, aliiona leso ile akalia kwa sauti iliyowafanya hata wanaume wainame. Mzee alikusanya vyote kwenye gunia, akaelekea ziwani peke yake. Alirudi mikono mitupu, akaosha miguu, akaanza kulifukia shimo. Wakati huo Ochieng alikuwa amekwisha kuondoka.

Laiti mambo yangeishia hapo. Kabla mvua za vuli hazijakwisha, mjukuu wa Ochieng, mtoto wa kutambaa, alishikwa na homa akafa njiani kwenda zahanati. Bilha mwenyewe ndiye aliyeipima damu ya mtoto. Ilikuwa imejaa vimelea vya malaria kila mahali alipotazama. Alikwenda kuwaeleza wafiwa. Metrine alimsikiliza, akashukuru. Ochieng alimsikiliza pia, kisha akauliza, "Na miaka yote mbu walikuwepo, kwa nini mwaka huu?" Bilha alikuwa na jibu la kisayansi, lakini mbele ya jeneza dogo vile hakuweza kulitoa. 

Aoko aliondoka Kamsweri bila kufukuzwa na mtu. Alisema hataki mama yake asikie kila msiba ukiitwa kwa jina la mwanawe. Bilha alimsaidia kupata chumba Maseno, naye Aoko akafungua kibanda cha chakula karibu na lango la chuo, ambako wanafunzi hawakujua lolote juu yake isipokuwa kwamba maharagwe yake yanaiva vizuri. Wazazi wake walikuja kumwona. Beldina alikaa mara nyingine siku nzima nyuma ya jiko, hafanyi kitu, anamtazama tu.

Daktari Shitanda aliitoa nyumba ile kwenye hesabu ya utafiti. Vile vioo navyo havikudumu. Vumbi liliziba mifereji, vingine vikapasuka, na waliovitengeneza hawakutuma vingine. Bilha alirudia kemikali zake za kuwasha macho. Habari zilikuwa zimeenea, na kukawa na wanaume, wengine wa Kondele, mmoja hata mwenye gari zuri kutoka Milimani, waliomjia wakizunguka maneno, wakitaka awapimie watoto wao kwa siri, wajue kama ni wa damu yao. Aliwakatalia wote. "Ukiuliza damu swali moja," alimwambia yule wa Milimani, "itakujibu na ambayo hukuuliza, na huwezi kuirudishia jibu." Yule bwana alikasirika, akaenda zake.

Mwishoni mwa mwaka wa 1999 Bilha alikuwa ameketi kibandani kwa Aoko, anakula, alipomwona Mzee Ochieng akishuka kwenye gari barabarani, fimbo mkononi, Metrine nyuma yake. Kijiko kilimkwama kinywani. Mzee aliingia, akachagua benchi la mbali, akaweka fimbo kati ya magoti.

Aoko alimtazama, akapangusa mikono kwenye aproni.  Alimimina chai ya maziwa, akaifikisha, akaiweka mezani mbele yake, halafu akarudi nyuma hatua mbili na kusimama.

Ochieng aliitazama chai kwa muda ambao Bilha aliuona mrefu mno. Metrine alikuwa ameuma ukingo wa leso. Kisha mzee aliinua kikombe kwa mikono miwili, akanywa, akapumzika, akanywa tena mpaka chini. Hakumtaja Aoko jina, hakumtazama usoni. Aliweka kikombe, akashika fimbo yake, akauliza, akitazama barabara, kama kuna chakula kilichobaki cha kumfungia Beldina, ampelekee nyumbani.

"Kipo," Aoko alisema, na akaingia jikoni kukifunga.